Kichwa cha Mnorwe Kisiguswe

Ingvald Tveiten,
Shamba la Kona, Elvestad,
Minnesota.

Kwa Mheshimiwa Dakta Renwick,
Mkuu wa Chuo cha Elvestad.

Mheshimiwa,

YAH: KICHWA CHANGU

Mimi nina miaka themanini na nane na meno yangu ya chini yote ni yangu. Wakuu wa chuo chako nimewaona wakija na kuondoka, na wengi wao nimewasindikiza makaburini kwa suti ile ile moja. Nimeishi miaka mingi kuliko kituo cha treni. Nimeishi kuliko kiwanda cha siagi, na kuliko daktari aliyeniambia siagi itaniua. Mnara wa kanisa letu umepigwa na radi mara mbili, mimi sijapigwa hata mara moja, na nilikuwa nimesimama karibu. Sikuelezi haya kwa majivuno, ingawa haki ya kujivuna ninayo. Nataka tu ujue kwamba barua hii imetoka kwa mtu asiyetishika na kamati.

Shule niliishia darasa la nane. Mwalimu alisema hana tena cha kunifundisha, na alisema hivyo huku amekishika kichwa chake kwa mikono miwili. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, liache likae.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia kwenye kahawa ya kanisani baada ya ibada, na jambo likishasikika pale huwa ni kweli, kwamba Kamati ya Michezo ya Vyuo, hiyo iliyo mbali huko, imekuandikia. Inasema timu yetu, Wanorwe Wakaidi, isipoacha kile Kichwa kikubwa kinachoingia uwanjani kabla ya mechi, haitaruhusiwa kucheza mechi za mtoano mwezi wa kumi na moja. Sababu yao ni kwamba eti Kichwa kinawadhihaki watu wenye asili ya Norwe. Tena nimesikia Alhamisi mtakaa kikao ili mkubali, na Kichwa kitiwe stoo pamoja na viti vibovu.

Mheshimiwa, Kichwa hicho ni mimi.

Wewe umetoka California juzijuzi, tena na viatu visivyo na soli ya maana, kwa hiyo huenda hukuelezwa. Mwaka 1966 idara ya barabara ilitaka kuinyoosha barabara ya mjini ipite katikati ya shamba langu la viazisukari, vile vya kutengenezea sukari. Wakaleta tingatinga. Mimi nikatoka jikoni na kiti, nikakiweka mbele ya tingatinga, nikakaa. Dereva akasema, "Bwana Tveiten, ondoka." Nikasema hapana. Msimamizi naye akaja, jasho linamtoka. "Ingvald, acha utoto bwana, wewe ni mtu mzima." Nikamwambia ni kwa sababu mimi ni mtu mzima ndiyo maana nimekaa, mtoto angekuwa ameshakimbia. Wanafunzi wa chuo wakaja kutazama, maana siku zile hapakuwa na jambo lingine la kutazama Elvestad, nao wakaanza kupiga kelele: "Ondoka! Ondoka!" Kila walipopiga kelele mimi nilitikisa kichwa. Jioni lililoondoka ni tingatinga.

Barabara ile mpaka leo inafika kwangu, inapinda, inavizunguka viazisukari vyangu kama mtu anayemzunguka ng'ombe aliyelala, halafu ndipo inaendelea na safari zake. Ramani ya wilaya imeandika Kona ya Tveiten. Niulize kwa heshima zote: katika hao waheshimiwa wa Kamati, yuko hata mmoja mwenye kona?

Msimu ule ule wanafunzi wakamwomba mke wangu Borghild, ambaye mikono yake inajua kazi, awatengenezee kichwa cha kuvaa mechini. Akakifanya kwa waya wa banda la kuku, magazeti na uji wa unga. Pua akaiweka kama kiazi kilichokosa mvua. Nyusi ni kamba ya katani. Mdomo ameufunga kama mlango wa duka siku ya Jumapili. Na utaratibu wa uwanjani ni yeye aliyewapangia: Mnorwe anaingia na kiti, anakaa katikati ya uwanja, refa anamwomba aondoke, anakataa, watu wote wanapiga kelele "Ondoka!", refa anamwomba tena, naye anaendelea kukataa mpaka refa avue kofia. Hapo ndipo anainuka na mpira unaanza. Marefa wa kanda nzima wanajua. Yupo mmoja aligoma kuvua kofia mwaka wa theluji nyingi, wakakaa pale wote wawili, timu ya wageni ikarudi ndani ya basi kuota moto.

Mwaka huu anayekivaa ni mjukuu wangu Marit, msichana wa kwanza kukivaa. Anakaa vizuri kuliko wavulana wote waliomtangulia. Yeye hakufundishwa, amerithi.

Yafuatayo ni malalamiko yangu. Nimeyapa namba kwa sababu Marit anasema watu wa ofisini bila namba hawaoni.

1. Sijadhihakiwa. Dhihaka hutoka kwa mtu anayekuchukia. Kichwa kile kilitengenezwa kwa mapenzi, na mke wangu mwenyewe, juu ya meza yangu mwenyewe, na siku zote za kazi ile alikuwa anatabasamu. Kila gazeti alilolibandika kwenye uso wangu alilipiga kwa kiganja kwa nguvu sana, ili lishike. Mke asiye na mapenzi asingejitaabisha vile. Tangu wakati ule hajakosa mechi hata moja ya nyumbani, na watu wakipiga kelele yeye anawashinda wote. Wengine husema "Ondoka, Mnorwe!" Yeye husema "Ondoka, Ingvald!" Tazama jinsi anavyonienzi.

2. Sijaulizwa. Mmemleta mtaalamu kutoka Chicago, dada mmoja mpole mwenye picha nyingi, akatukusanya kwenye ukumbi wa mazoezi. Akaniambia, "Mzee wangu, ni sawa kabisa kusema kwamba umeumia." Nikamwambia sijaumia. Akasema, "Wakati mwingine mtu anaumia bila kujua." Nikamwambia mimi nimewahi kuvunjika mguu kwenye mashine ya kuvunia nikamaliza mstari, lakini kujua nilijua. Akaandika kitu. Basi toka siku hiyo nimeumia kweli, kwa kuambiwa nimeumia, na ninaomba Kamati ipokee lawama hiyo peke yake.

3. Aliyelalamika hajulikani. Kamati inasema ni "watu wenye asili ya Norwe". Nimewauliza wote ninaowajua. Hakuna aliyelalamika. Wengi wao wako makaburini na hao hawakujibu kitu, jambo ambalo kwa Mnorwe ni sawa na kusema ameridhika.

4. Utasema, Ingvald, mbona kile chuo cha upande wa pili wa mto kilikuwa na chifu wa kuigiza mwenye manyoya, wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, kikaacha? Kiliacha, na kilifanya vizuri. Rafiki yangu Clyde Bellanger ni Mojibwe, tumebeba viazisukari kwenye lori moja tangu tukiwa na nywele. Alikwenda kule yeye na shangazi zake, wakasimama mbele ya watu wakasema, hao mnaowachezea ni babu zetu, acheni. Wenye sura walikuja wenyewe wakasema. Clyde aliniambia, "Ingvald, walikuwa wanaruka na kilemba cha chifu na hawajui hata jina la chifu mmoja." Nilikubaliana naye, na mimi si mwepesi wa kukubaliana. Lakini hapa Elvestad mwenye sura ni mimi, na mimi sijaenda popote. Nilipomuuliza Clyde kama cha kwetu nacho ni kosa, alikitazama Kichwa, akanitazama mimi, akakitazama tena. Akasema, "Sisi walituchora vibaya. Wewe, ndugu yangu, hawakukosea hata pua."

5. Majina mapya mliyoletewa yote yananikera. La kwanza ni Mbweha Wekundu. Mbweha alinimalizia kuku wote majira ya kuchipua na hakuna aliyeunda kamati. La pili ni Dhoruba. Dhoruba ilichukua ghala langu, ikaliweka kwa jirani, na jirani mpaka leo analiita lake. Mkiita timu Dhoruba mimi nitakuwa nimedhihakiwa kila Jumamosi, na safari hii nitajua. La tatu ni Nyati. Sina ugomvi na nyati. Lakini vyuo vyote kutoka hapa mpaka milimani ni nyati, siku wakikutana hatutajua nani amemfunga nani. La nne sikulielewa. Lilikuwa duara la bluu. Yule dada akasema, "Linawakilisha pamoja." Clyde akauliza kwa nyuma, "Pamoja na nini?"

6. Hapa ndipo naomba usome polepole. Ikiwa sura ile inawadhihaki Wanorwe, na sura ile ni yangu, basi mimi mwenyewe nikitembea nawadhihaki Wanorwe. Nikienda kanisani nawadhihaki huko. Nikienda kwa kinyozi nawadhihaki mbele ya kioo. Itabidi Kamati inikataze duka la vyakula, benki, na ile karamu yetu ya Kinorwe ya samaki waliolowekwa kwa magadi pale kanisani kila Desemba, ambako nimekaa kichwa cha meza tangu wazee wenye meza walipokwisha. Na Borghild je? Huyo mama ameamka kila asubuhi akakuta dhihaka imelala upande wa dirishani, akaipikia uji. Nani atamfidia?

7. Kwa sababu hiyo nina ombi. Nimeambiwa katazo la Kamati linahusu "sanamu, kinyago au vazi". Halisemi kitu juu ya mtu. Kwa hiyo naomba niandikishwe kuwa mwanafunzi wa Chuo cha Elvestad kuanzia wiki hii. Somo lolote, ila lisiwe na hesabu. Nikishakuwa mwanafunzi, nitaingia uwanjani na kiti changu na uso wangu, bila waya, bila magazeti, nitakaa katikati, na refa atanikuta. Hapo Kamati iniandikie barua ya kuukataza uso wa mzee wa miaka themanini na nane. Waipige muhuri. Nitaitundika sebuleni karibu na ramani yenye kona yangu.

Najua kuna watakaosema wachezaji wataumia. Hata Marit alilisema, akiwa anakula kwangu. "Babu, mimi hata mbweha nitavaa, kesho. Lakini hawa wenzangu wamefika mtoano kwa mara ya kwanza tangu baba hajazaliwa. Unataka wakae nyumbani kwa ajili ya pua yako?" Nikamwambia ale. Akasema, "Nakula, lakini jibu." Nikamwambia Mnorwe hanunuliwi kwa mtoano. Akasema, "Sijasema ununuliwe, nimesema usogee." Mtoto mzuri sana, isipokuwa ana ukaidi ambao sijui kautoa wapi.

Sikumjibu. Nakuandikia wewe badala yake.

Nimemaliza kulalamika. Nisalimie walimu wote, hata yule wa falsafa aliyegonga boksi langu la barua kwenye kona akasema kona ndiyo yenye makosa. Nisalimie mama wa jikoni na mwambie viazi vyake vinahitaji chumvi. Wasalimie wachezaji, mmoja mmoja, na wawekee soksi kavu. Kamati nayo nawasalimu. Sina kinyongo nao, wanakaa mbali na hawana wa kuwaeleza.

Nabaki mimi, nimekaa,

Ingvald Tveiten.

Kuhakikisha kwamba sikutia chumvi, waulize hawa: Clyde Bellanger, ambaye hunikatalia kila kitu lakini hili atalikubali. Delmar Hoistad, dereva wa lile tingatinga, ambaye sasa yuko nyumba ya wazee, na nikienda kumtembelea akiniona tu mlangoni husema, "Ondoka." Na zaidi ya wote mke wangu Borghild, aliyekuwapo tangu mwanzo, na ambaye katika jambo hili hajanipinga hata kwa neno moja.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha. Borghild akasema, "Lete niisome kwanza, usije ukatutia aibu kwa maandishi yako." Akaifungua kwa mvuke wa birika. Akaisoma amesimama karibu na jiko. Alipofika pale kwenye namba moja, penye mapenzi, alianza kucheka. Alicheka mpaka akavuta kiti akakaa. Nikamuuliza kuna nini cha kuchekesha hapo.

Akasema, "Ingvald, mimi nilikuwa naitaka ile barabara."

Nikamuuliza barabara gani. Akasema, "Hiyo hiyo. Mama yangu alikuwa anakaa upande wa pili wa shamba lako. Ingenyooka, ningefika kwake mkate haujapoa. Badala yake nimevizunguka viazi vyako maisha yangu yote."

Nikamwambia mbona hakusema. Akasema alisema. Akasema siku ile ya tingatinga alikuwa amesimama nyuma ya wale wanafunzi, na neno ondoka yeye ndiye aliyelianza, wao walimfuata tu. "Uligeuka ukanipungia mkono," akasema. "Nikaona basi, mimi peke yangu huyu hanisikii. Ngoja nimtafutie uwanja mzima."

Halafu akafuta macho kwa aproni, akasema, "Na ile pua niliifanya kubwa makusudi."

Mheshimiwa, uji umepoa nimeuangalia tu. Naomba namba 1 ifutwe. Namba 2 nayo, maana yule dada wa Chicago alikuwa sahihi kabisa na sijui nimpelekee nini. Namba 3 ibadilishwe: aliyelalamika amejulikana, ni Mnorwe, na anaishi nyumbani kwangu. Namba 6 na 7 zitupe. Kamati ilisema pale uwanjani kuna Mnorwe anayedhihakiwa, na yuko kweli, ingawa ni mmoja.

Kuhusu Kichwa, muulize Borghild, ni chake; mimi nilikuwa mfano tu. Yeye amesema Marit na wenzake wacheze, kitolewe, na kikishatolewa kiletwe hapa tukiweke kwenye kiti mezani, ili akitaka kuongea na mtu anayemtazama ampate. Basi watoto wacheze. Lakini andikeni mahali katika vitabu vya chuo kwamba hakuna mume mwingine kanda hii aliyewahi kukasirikiwa kwa ustadi namna ile, na mbele ya watu wengi namna ile. Hilo hata mkuu wa idara ya barabara hana.

Jumatatu nitakwenda idara ya barabara kuwauliza kama bado wanataka kuinyoosha. Borghild anasema nisijisumbue, mama yake alishafariki zamani, na yeye ile kona ameshaizoea, tena anapenda kuona viazi vikitoa majani. Nimechukua kofia. Anasema, "Leo Jumapili, ofisi imefungwa, kaa chini, Ingvald."

Nimekataa.